Taa za Mbalamwezi

Swali lilikuwa lile lile kila mwaka, na kila mwaka lilinipandisha hasira: "Uwendawazimu wa msimulizi unaashiria nini?" Wanafunzi wangu wa kidato cha sita walikuwa na jibu tayari, wamelinunua stendi kwenye kijitabu chembamba cha maswali na majibu kinachouzwa pamoja na karanga na chaja za simu. Uwendawazimu unaashiria jamii iliyooza. Kufuli linaashiria dhuluma. Taa zinaashiria matumaini. Waliandika hivyo darasa zima, miandiko tofauti na makosa yale yale, na mimi niliwapa alama zao kwa sababu mwongozo wa kusahihisha nao ulitaka hivyo hivyo. Nilikuwa nikimaliza kusahihisha napiga kalamu mezani, nanyanyuka nakwenda kununua maandazi.

Nilikuwa nafundisha Kiswahili kwenye sekondari moja hapa Kigoma, nikitokea nyumbani Ujiji kila asubuhi. Nakubali kwamba nilikuwa mwalimu mkali, na mdomo ninao mpaka leo. Riwaya tuliyokuwa tunaifundisha inasimuliwa na mlinzi wa nyumba ya wageni iliyo kando ya ziwa ambalo mwandishi hakulitaja jina. Mwanzoni huyo mlinzi ni mtu wa kupendeza kabisa, ana maneno matamu, unatamani akuuzie kahawa. Anasema mkewe kasafiri. Anasema mpangaji wa chumba cha mwisho anamtilia kitu kwenye maji ya kunywa. Anafunga mlango kwa kufuli, baadaye analiongezea kufuli jingine, na jioni anakaa nje kuzitazama taa za wavuvi, nazo zinamweleza mambo. Unamwamini mpaka katikati ya kitabu, kisha unaanza kujikuna kichwa. Darasani tunamwita msimulizi asiyeaminika, na kazi ya msomaji ni kumkamata.

Mimi nilikuwa na mahali pangu pa kumkamata. Upo ukurasa mmoja ambao kijitabu cha stendi hakiugusi kabisa. Mlinzi anasema mwezi ulikuwa mpevu, ukang'aa mpaka akaona kivuli chake ukutani. Sentensi inayofuata anasema taa zilijaa ziwani kutoka upande huu mpaka upande ule.

Mtoto wa Dodoma akifika hapo anapita moja kwa moja. Sisi wa huku hatupiti. Dagaa hufuata mwanga, na kwenye giza taa ya mvuvi ndiyo mwanga peke yake, kwa hiyo wanaijia na wavu unanyanyuliwa. Mwezi ukiwa mkubwa ziwa lote linamulikwa, dagaa wanatawanyika, na taa yako hata iwe na betri kubwa namna gani haina kazi. Ndiyo maana siku za mbalamwezi mitumbwi inavutwa nchi kavu, nyavu zinashonwa, mafundi wa injini wanapata kazi, na wavuvi wanaozesha watoto wao kwa sababu wanaume wote wapo nyumbani. Dagaa wabichi wanaadimika sokoni na hakuna anayeuliza sababu. Ziwa linakuwa jeupe na tupu, huoni hata taa moja.

Kwa hiyo yule mlinzi alikuwa anaona taa ambazo hazipo. Mwandishi alitupa ufunguo mkononi. Nilipoligundua hilo nilitembea nyumba nzima nikicheka peke yangu, na nikamweleza mtu yeyote aliyekuwa tayari kukaa kitako anisikilize. Mume wangu anafanya kazi bandarini na hasomi riwaya hata umfunge kamba, lakini alilisikia somo hilo mpaka akalijua. Binti yetu alikuwa hajaanza darasa la kwanza, naye alilisikia vilevile, akiwa chini ya meza anachezea vizibo vya soda. Nilikuwa nafanya mazoezi ya somo kwa sauti. "Mwezi umetoka," nawaambia wanafunzi wa kufikirika, na kidole juu, "kwa hiyo taa hazipo."

Mwaka ule niliamua kuandika mwongozo wangu mwenyewe, wa kukifukuza kijitabu kile stendi. Nikawa nakaa na kompyuta mpaka kila mtu kalala, na nikiingia kitandani usingizi hauji. Mwanzoni nililifurahia jambo hilo. Kichwa kilikuwa chepesi, kinakwenda mbio, kila sentensi ya kitabu inafungua nyingine. Sikuona njaa. Darasani nilikuwa naongea vizuri kuliko wakati wowote wa maisha yangu, wanafunzi wa darasa la jirani wanakuja kusimama madirishani. Mtu akikosa usingizi akawa anakosea kazi, watu watamwambia kapumzike. Mimi nilikuwa sikosei, basi hakuna aliyeniambia kitu.

Kisha maji yakaanza kuwa na ladha. Mlinzi wa kwenye kitabu anasema maji yake yana ladha ya chuma, na asubuhi moja nikanywa maji ya mtungi wetu, nikaipata ladha hiyo. Nilimwaga. Nikachota mengine, nikamwaga hayo pia. Mume wangu akaniuliza vipi, nikamwambia mtungi mchafu, akauosha palepale kwa sababu yeye ndivyo alivyo. Nilisimama mlangoni nikimwangalia anavyousugua, nikajiuliza mbona anausugua kwa bidii hivyo.

Nikarudi kwenye kitabu kukisoma upya, safari hii kwa utulivu, na nikaona kitu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kukiona. Mlinzi hasemi uongo. Kila anachokisema kina sababu, ukikisoma polepole. Mke hajasafiri kwa hiari. Mpangaji ana kitu anachokificha. Mwandishi amemzungushia ushahidi kila upande kisha akatuachia sisi walimu tumwite mgonjwa, na sisi kwa ujinga wetu tukamwita. Nilimhurumia mpaka machozi yakanitoka mbele ya darasa, na nikawaambia wanafunzi, "Leo hatutafuti ushahidi kwamba anaumwa. Leo tunatafuta ushahidi kwamba anasema kweli."

Walifurahi, kwa sababu vijana wanapenda kitu kilichogeuzwa kichwa chini. Wakaandika ubao ukajaa. Mwishoni binti mmoja wa dawati la mbele, mtoto wa wavuvi wa Ilagala, akanyoosha mkono.

"Madam, na zile taa za mbalamwezi?"

"Nani kakwambia zile ni taa za wavuvi?" nikamjibu.

Akashusha mkono, na wenzake wakainamia madaftari. Sikuwa nimekasirika, nilikuwa natabasamu, na nadhani tabasamu ndilo lililowatisha. Wiki hiyo hiyo mkuu wa shule aliniita ofisini akanipa ruhusa ya kupumzika ambayo sikuiomba. Nilimshukuru kwa adabu zote. Nilipokuwa natoka nilimwona anachukua simu, na nikajua anampigia nani.

Kwa kweli alikuwa anampigia mume wangu, kwa hiyo nilikuwa sahihi. Hilo ndilo jambo ambalo watu hawalielewi kuhusu ugonjwa huu. Wanadhani unaona madudu tu. Mimi mambo mengi niliyoyaona yalikuwepo. Mume wangu alikuwa ananong'ona kwenye simu uani. Dada yangu mkubwa, anayekaa Rusimbi na kuuza dagaa wakavu, alikuwa anakuja nyumbani mara nyingi kuliko kawaida, anampakata binti yangu, anamuuliza habari za kula na kulala. Nikiingia wanabadilisha mazungumzo. Wanauliza bei ya mawese, kana kwamba kuna mtu Ujiji asiyeijua bei ya mawese.

Nilikuwa nakaa barazani kila jioni. Nyumba yetu inatazama ziwa, na kukishaingia giza unaziona taa kule mbali, chini ya milima ya Kongo, mstari mrefu unaopanda na kushuka. Toka utotoni nazitazama. Sasa nikaona zina mpangilio. Watu huniuliza kama nilisikia sauti, na wakiniuliza hushusha sauti zao wenyewe, maskini. Sikusikia sauti yoyote. Nilikuwa najua tu, vile unavyojua mtu amekasirika kabla hajafungua mdomo. Taa zilisema mtoto atachukuliwa.

Sasa sema wewe ni mama na unalijua jambo hilo. Utafanya nini? Utalala?

Nikaanza kumlinda. Alikuwa analala kwangu, mkono wake nimeufunga kwa kanga kwenye mkono wangu. Nilikuwa namwonjea chakula. Nilimkataza kwenda kucheza kwa jirani, na yeye alikuwa mtoto mtiifu, akakaa ndani na vizibo vyake. Kuna wakati alinisogezea uso wake karibu kabisa na wangu akanitazama machoni, kila jicho kwa zamu, kisha akarudi kuchezea vizibo. Sikumuuliza alikuwa anatafuta nini.

Jioni moja mume wangu alitoka kazini, akaoga, akaja kukaa nami barazani. Kulikuwa kumeshaingia giza la saa moja na nusu. Nilikuwa nimenyamaza siku kadhaa na nilijisikia upweke, nikataka kuongea na mume wangu kama zamani.

"Taa ni nyingi leo," nikamwambia.

Akatazama ziwani. Halafu akageuza shingo akatazama nyuma yangu, juu, upande wa michikichi ya jirani.

"Nyingi kweli," akasema.

Ulikuwa mwezi mpevu. Ulikuwa umeshachomoza nyuma ya nyumba, kwa sababu ziwa letu liko machweo na mwezi mkubwa hutokea upande wa pili. Mimi sikugeuka. Nilipoona ametazama nyuma yangu nilijua kuna mtu kasimama pale wanapeana ishara, na nikaamua kutowaonyesha kwamba nimeng'amua.

Simlaumu kwa jibu lile. Huku kwetu mtu akianza kuongelea visivyokuwepo, wakubwa hukufundisha usimbishie. Ukimbishia unampandisha. Mkubalie, mpoze, kisha kukicha mpelekeni kwa wanaojua. Alifundishwa hivyo na mama yake na mama yake alifundishwa na wake, na kwa moyo wake wote alikuwa ananipoza. Yeye na dada walikuwa wamekwisha kukubaliana kunipeleka hospitali keshokutwa yake, na mtoto akakae Rusimbi. Alitaka nipate jioni mbili za amani. Lakini mimi ndani ya kichwa changu bado kulikuwa na mwalimu mmoja mdogo aliyebaki macho, ambaye alikuwa anauliza kila siku, polepole, kama kweli zile taa zipo. Mume wangu alipojibu "nyingi kweli", yule mwalimu alifunga daftari lake akatoka. Sikuwa na shaka tena ya kunizuia.

Kesho yake nilikwenda kumchukua binti yangu madrasa, mahali pekee nilipokuwa bado namruhusu kwenda, kabla ya wenzake kuachiwa. Mwalimu wake alishangaa kidogo, nikamwambia tuna safari, akamruhusu. Mtoto alikuwa na hijabu yake nyeupe na kimfuko cha juzuu begani. Tukashuka wote wawili kuelekea mwaloni, mahali mitumbwi inapotia nanga, huku adhana ya magharibi inaadhiniwa misikiti miwili mitatu kwa pamoja. Nilimshika mkono kwa nguvu. Alisema, "Mama, unaniumiza," nikalegeza, tukaendelea.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Nilishaelewa kwamba atakayemchukua atatokea nchi kavu, kwenye nyumba, kwenye barabara, miongoni mwa watu wetu. Kwenye taa ndiko kulikokuwa salama. Taa ndizo zilizonionya, kwa hiyo nitampeleka kwao. Naandika haya sasa nimetulia, nimeshiba, na bado naona jinsi kila hatua ilivyoifuata nyingine bila kukosea. Hilo linanitisha kuliko kila kitu kingine.

Mwaloni kulikuwa kimya. Ingekuwa jioni ya giza pangekuwa na makelele ya injini, matangi ya mafuta, wanawake wa dagaa wanabishana na makuli. Siku ile mitumbwi yote ilikuwa imevutwa juu ya mchanga na chanja za kuanikia zilikuwa tupu. Mzee mmoja alikuwa amekaa juu ya tangi lililolazwa, anashona wavu kwa sindano ya mti. Aliwahi kuvua na marehemu baba yangu, na mimi alinijua tangu natambaa.

Binti yangu akasimama mbele yake kama alivyofundishwa. "Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu, mbona jioni hivi?"

"Baba, nakuomba utupeleke kwenye taa," nikasema.

"Taa zipi, mwalimu?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Zilikuwa nyingi mno, zimejaa kutoka upande huu mpaka upande ule. Akazitafuta, nilimwona anazitafuta kwa haki, amekunja macho. Halafu akatazama nyuma yangu, juu. Kama mume wangu. Nikajua na yeye yumo, na kwamba mtu wa nyuma ametufuata toka nyumbani. Nikamwambia haya baba, usiku mwema, nikamvuta mtoto tukaenda zetu kando ya maji kama watu wanaotembea.

Mbele kidogo kulikuwa na kimtumbwi cha kuendea kwenye boti, kimefungwa kamba kwenye jiwe. Nikaifungua kamba. Nikambeba mtoto nikamkalisha ndani na kimfuko chake cha juzuu mapajani, nikaanza kusukuma. Maji yalifika magotini, yakafika kiunoni, kanga ikawa nzito. Kimtumbwi hakikuwa na kasia. Niliona hakina, na sikuona kwamba hilo ni tatizo.

Ziwa letu linaingia kina ghafla. Hatua mbili tatu zaidi nisingeigusa ardhi, na kuogelea sijui. Pale nilipokuwa nimesimama mchanga ulikuwa umeanza kukimbia chini ya nyayo.

"Mama," binti yangu akasema.

"Kaa chini, usisimame."

"Mama, tunaenda wapi? Mwezi umetoka." Kisha akanyoosha kidole chake kidogo juu, kabisa kama mimi mbele ya ubao, akasema, "Kwa hiyo taa hazipo."

Alikuwa haogopi bado. Alikuwa ananikumbusha somo, kwa sauti ya mtoto anayejua jibu na anataka asifiwe.

Nikageuka. Ilikuwa mara ya kwanza kugeuka kwa siku nyingi. Hapakuwa na mtu nyuma yangu. Palikuwa na michikichi, mapaa ya mabati, na juu yake mwezi, umeiva, mkubwa, wa njano, unaonitazama usoni. Nilitupa jicho nyuma nikakiona kivuli changu juu ya maji.

Ningependa kuandika kwamba taa zilizimika hapo. Riwaya ingezizima. Niligeuka tena ziwani na zilikuwepo zote, zinawaka vilevile, zinanihimiza, na nilikuwa najua hazipo. Vyote viwili viliingia kichwani kwa pamoja na hakuna kilichomwondoa mwenzake. Sijawahi kuwa na hofu ya namna ile, si kabla na si baada. Nilishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili na sikujua mikono hiyo itasukuma au itavuta.

Yule mzee alikuwa ameshaingia majini. Alikuja kwa ubavuni, bila kukimbia, suruali imemlowa, sindano ya wavu ameing'ata mdomoni. Aliitoa akaitia mfukoni. Mimi hakunigusa. Alinyoosha mikono yake kuelekea mtumbwini.

"Nipe mjukuu wangu, mwalimu," akasema.

Ndiye huyu sasa. Taa zilikuwa zimesema atachukuliwa, na mchukuaji amesimama mbele yangu na mikono wazi. Kila kilichokuwa ndani yangu kilisema msukume, ondoka. Mume wangu nilikuwa simwamini, dada simwamini, mzee huyu simwamini, na nafsi yangu nayo ilikuwa imeanza kuninukia vibaya. Alibaki mtu mmoja tu ambaye sikuwahi kumtilia shaka hata siku moja, naye alikuwa amekaa ndani ya mtumbwi usio na kasia ameniambia taa hazipo.

Nikavuta mtumbwi. Nikampa. Nilipoona anabebwa begani kwenda nchi kavu, hijabu yake nyeupe kwenye mwanga ule wa mwezi, nililia kwa sauti, kwa sababu niliamini ndiyo mwisho wa kumwona.

Haikuwa mbali sana na kweli. Nililazwa, na yeye akapelekwa Rusimbi kwa dada yangu. Aliishi huko mpaka akaingia darasa la pili. Daktari aliupa ugonjwa wangu jina, na jina hilo siliandiki hapa, kwa sababu ukishaliandika watu hawasomi kingine. Mtaani walikuwa na majina yao. Wengine walisema majini ya ziwa, wengine walisema nimerogwa na walimu wenzangu, na jirani mmoja alikuwa na hakika kabisa kwamba ni kusoma vitabu vingi. Dada aliniletea vidonge kwa mkono mmoja na kombe la maji ya kisomo kwa mkono wa pili. Nilikunywa vyote, sikugombana na mtu.

Mume wangu nilimwomba kitu kimoja tu nilipotoka. Nilimwambia, "Usinikubalie tena. Nikitaja kitu kisichokuwepo, sema hakipo, hata nikirusha sahani." Alilia, mwanamume yule mkimya, akasema alidhani ananitunza. Toka siku hiyo nikiuliza ananijibu. Mara mbili amenijibu kwamba hakuna kitu, na mara hizo mbili tukaenda kliniki asubuhi yake.

Nilirudi kufundisha. Swali nalo lilikuwa linanisubiri palepale, uwendawazimu wa msimulizi unaashiria nini, na kijitabu kipo stendi hadi leo, kimeongezewa jalada la rangi. Wanafunzi wananiandikia jamii iliyooza. Nawapa alama zao, maana mtihani hautungwi na mimi, lakini kabla hawajafunga daftari huwa nawaambia jambo moja la ziada ambalo halitatoka kwenye mtihani. Nawaambia yule mlinzi, kabla hajaashiria jamii ya mtu yeyote, ni mgonjwa aliyekaa peke yake nje ya nyumba ya wageni, na hakuna hata mtu mmoja kwenye kitabu kizima anayekaa karibu naye akamwambia taa hazipo. Wengine wanaandika. Wengi wanatazama saa.

Mimi majini pale sikuwa ishara ya kitu. Nilikuwa mama wa mtu.

Binti yangu amekuwa mkubwa sasa, ameanza kunipita urefu, anakaa nasi. Habari za jioni ile hatujawahi kumtajia. Dada yangu alisema tumwache, alikuwa mdogo, amesahau, watoto wanasahau. Niliishikilia kauli hiyo kwa mikono miwili. Niliona anacheka, anasoma, anagombania simu na baba yake, nikasema alhamdulillahi, halikumshika.

Mwaka huu ziwa lilikuwa limefungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wazaliane, na jioni zote hizo kulikuwa giza tupu huko mbele yetu. Siku lilipofunguliwa watu wa mtaani walitoka nje kuangalia. Mimi nilikuwa barazani. Giza lilipokolea taa ikawaka moja, ikawaka nyingine, mwisho mstari mzima ukatokea chini ya milima, na moyo wangu ulifurahi kwa furaha ya kitoto.

"Njoo uone taa," nikamwita.

Alitoka jikoni na mikono ina povu la sabuni ya vyombo. Alikuja mpaka ukingoni mwa baraza, akasimama kando yangu. Ziwani hakutazama. Aliligeuzia ziwa mgongo, akainua uso, akaanza kuipekua mbingu juu ya paa na juu ya michikichi, upande mmoja mpaka mwingine, taratibu, kama mtu aliyefanya hivyo jioni nyingi. Hapakuwa na mwezi. Alihakikisha mara ya pili. Ndipo akageuka akatazama ziwa.

"Zipo, mama," akaniambia. "Za kweli."

Kisha akarudi ndani kumalizia vyombo.